Bakuli la Mama Wei

Leo sina pa kuuficha uso. Nasimulia mwenyewe, ndugu zangu, kabla hamjasikia kwa binti yangu Zuhura, maana yule ataongeza chumvi, na hili halihitaji chumvi.

Mnajua tunakaa Garland, huku ughaibuni, mimi na Mama Zuhura, kwenye majengo ambayo karibu kila mlango ni wa mzee wa Kichina. Asubuhi wanatembea kuzunguka maegesho ya magari, mikono nyuma, na sisi tunazunguka nao. (Mimi huishia mzunguko wa pili. Goti.) Mlango unaotazamana na wetu ni wa Mama Wei, mjane, umri wetu. Wei ni mwanawe, anafanya kazi Houston. Mama Wei hajui Kiswahili wala Kiingereza, na Kichina cha mke wangu ni kucheka tu. Lakini wamepanda mchicha pamoja kwenye ndoo, na wanakaa nje mchana kutwa wakichambua mboga, kila mmoja akiongea kwa lugha yake. Mwaka wetu wa kwanza hapa Mama Zuhura alikuwa akilia kila Ijumaa. Aliyemnyamazisha si mimi. Ni Mama Wei.

Sasa, hawa wawili hakuna anayekubali kurudisha chombo kitupu. Mama Wei akileta machungwa, bakuli linarudi na kachori. Akileta maandazi yao ya mvuke, linarudi na visheti. Mwaka wa pili huu, bakuli moja la maua ya buluu linavuka korido kwenda na kurudi.

Leo asubuhi Mama Zuhura alikwenda Mesquite kwa Zuhura, kukaa na mjukuu. Akiwa mlangoni akaniambia:

"Baba Zuhura, bakuli la Mama Wei liko juu ya friji. Usiliguse. Nikirudi nitapika vitumbua."

"Sawa," nikasema. Nilisema sawa kabisa!

Saa tano mlango ukagongwa. Mama Wei, na simu yake ya kutafsiri. Akaongea Kichina, simu ikasema kwa Kiingereza: mwanangu amekuja kutoka Houston, njoo tule mchana. Nikaitikia kwa kichwa kama mara sita.

Alipoondoka nikaanza kuhangaika. Naendaje mikono mitupu, na bakuli lake liko hapa? Mwanaume mzima, nimesimamia stoo ya serikali miaka thelathini, nishindwe kujaza bakuli? Nikafungua friza. Chini kabisa, nyuma ya samaki, nikakuta mfuko wa vifurushi vya majani vilivyofungwa uzi, vimeganda. Nikajua papo hapo: chikwanga! Mama Furaha, rafiki yetu Mkongo wa mtaa wa Vickery Meadow, hutuletea chikwanga, ule muhogo wa kupondwa unaofungwa kwenye majani. Za kwake huwa ndefu. Hivi vilikuwa na pembe tatu. Nikasema labda Mama Furaha amebadilisha mtindo. (Ndiyo, nililisema kwa sauti, peke yangu jikoni.)

Nikavipasha kwenye maikrowevu, nikapanga sita bakulini, nikavaa kofia yangu ya Idi, nikavuka korido.

Wei ni mpole, ana mvi mbili tatu, ananiita "Uncle". Nikamkabidhi mama yake bakuli kwa mikono miwili. Hapo ningenyamaza, nisingekuwa naandika haya.

"Chakula cha kwetu Afrika," nikasema kwa Kiingereza changu. "Mke wangu amevifunga kwa mikono yake. Alifundishwa na bibi yake, Tanga."

Tanga! Kwa nini Tanga? Mke wangu ni wa Lindi!

Wei akatafsiri. Mama Wei akatabasamu, akachukua kimoja, akakigeuza. Akaushika uzi. Tabasamu likaondoka taratibu. Akamwambia mwanawe maneno machache.

Wei akakohoa. "Uncle, mama anasema fundo hili ni lake."

"Lake vipi?"

"Hivi alivifunga yeye. Aliwaletea wakati wa sikukuu yetu."

Masikio yakawaka moto. Mama Wei akauliza jambo, na Wei akatafsiri bila kuniangalia:

"Anauliza vimebaki vingapi."

Mwenye akili angedanganya. Mimi nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha kwa siku moja.

"Vyote," nikasema.

Ikabidi nieleze. Kwamba sisi Waislamu hatuli nguruwe. Kwamba lazima mke wangu aliviweka kule kwa sababu hakujua ndani kuna nini. Mama Wei akasikiliza, akaweka mkono kifuani, kisha akaongea kwa muda mrefu. Wei akashusha macho.

"Mama anasema anajua. Kabla hajapika alinipigia simu Houston, akaniuliza majirani wanaovaa hijabu wanakula nini. Akanunua sufuria mpya. Vya kwenu alivipika mbali na vingine, vya choroko na karanga. Anasema muda wote huu alikuwa akiwaza, labda havikuwa vitamu."

Nikawaza, huyu ndiye rafiki mkubwa wa mke wangu katika nchi hii, na mimi nimewaharibia urafiki ndani ya asubuhi moja, mke wangu akiwa hayupo. Iliniuma, siwafichi.

Mama Wei akafungua uzi wa kimoja, akanisogezea. Nikasema Bismillahi, nikala, mama na mwana wakinitazama mdomo. Wali wa kunata, choroko, karanga. Kitamu! Nilitamani kiwe kibaya, walau nipate la kujitetea. Machozi yakanilenga, nikasingizia chakula ni cha moto. (Kilikuwa kimeshapoa.)

Mama Zuhura alirudi saa kumi. Nikamwambia yote, hata Tanga. Nilitegemea anifokee. Akakaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba wake begani.

"Kwa nini hukumwuliza?" nikasema.

"Niliogopa ataona namdharau. Nikasema nitauliza kesho. Kesho zikawa nyingi."

"Si kuna simu ya kutafsiri?"

"Naijua simu, Baba Zuhura. Uso ndio sikuwa nao."

Miaka arobaini ya ndoa nimezoea kelele zake. Ile sauti ya chini sikuizoea.

Akainuka, akatoa vinne vilivyobaki kwenye friza, akavipasha, akala kimoja amesimama. Akajifuta mdomo, akajitanda mtandio, akavuka korido mikono mitupu.

Hiyo ilikuwa saa kumi na nusu. Sasa ni saa moja jioni. Nimetega sikio mlangoni mara nne. Mara ya kwanza nilisikia mtu analia, sikujua ni yupi. Mara ya mwisho nikasikia vikombe, na wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja. Mimi sijaitwa, na sidhani kama nitaitwa.

Haya, anayetaka kunicheka ruksa. Ila kwanza akafungue friza lake, aangalie wema wa nani umeganda mle ndani.