Tangazo la Mkate, Jumamosi Alasiri

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Shule imekwisha. Mitihani imekwisha. Mvua haijaisha. Mji mzima wa Calabar umeota kuvu, hata viatu vyangu vya kanisani.

Bibi hajala leo. Amelisukuma bakuli la uji akauliza kama filamu imeanza. Nimemwambia leo ni Jumatatu, na zile filamu za Jumamosi alasiri ziliondolewa zamani, siku hizi saa zile ni za mahubiri. Akasema haidhuru, nimwamshe likija tangazo.

Niandike vizuri, maana binamu yangu Ekanem akisimulia huharibu. Katika ua wetu hakuna aliyekuwa akitazama filamu yenyewe. Kituo chetu cha televisheni cha hapa mjini kilizikata mpaka zikabaki mifupa. Mwanamume anamkaribia mwanamke, wanatazamana, mara wote wawili wako juu ya farasi. Katikati kulitokea nini? Bibi alisema walisali. Filamu ilipoendelea ndipo watu walipokwenda msalani, wakamenya viazi, wakagombana. Kisha mtoto mmoja alipiga kelele, "Tangazo!" na ua mzima ulirudi mbio mpaka kandambili zikabaki nje. Kwa sababu baada ya dawa ya minyoo, kabla ya betri, alitokea Mama.

Mama alikuwa muuzaji tu katika duka la mkate. Msichana aliyekodiwa kwa tangazo aliiogopa kamera akalia, ndipo wakamshika Mama vilevile na aproni yake. Aliuinua mkate, akaubonyeza, akauweka sikioni, akasema: "Sikia. Bado unapumua." Basi. Mji mzima ulikuwa ukisema hivyo. Kisha Mama akafa, na tangazo likaendelea kuonyeshwa mpaka mtu mmoja kule kituoni alipokumbuka kuliondoa. Nilikuwa darasa la pili. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti imeniponyoka.

Bibi ndiye aliyemzaa Mama. Anataka kuisikia sauti ile mara moja kabla hajaondoka. Daktari amemwambia Baba, mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba kuondoka kwenyewe si mbali.

Alasiri ameniambia maneno yale ya Mama niyaseme mimi, kwa kuwa nina kinywa cha mama yangu. Masikio yamewaka moto kwa haya. Nimesema, subiri Bibi, nitakuletea sauti yenyewe. Lazima mtu fulani aliirekodi kwenye kanda. Nitaipata hiyo kanda. Naapa!

Jumanne, 10 Agosti

Ekanem amenitangulia. Amejifunga kanga kama aproni, ameshika mkate, ameyasema maneno ya Mama mbele ya Bibi huku akitikisa nyonga. Nyonga! Katika tangazo la mkate! Bibi amecheka, kisha akasema ni kama kasuku anayeuza mbuzi. Nimefurahi sana. Ekanem ameniuliza, "Na wewe, bubu wa Mungu, kanda yako utaileta lini? Siku ya kiyama?"

Nimekwenda kwa Mzee Ansa. Alikuwa karani bandarini, na kila Jumamosi alirekodi filamu. Niliandika kiganjani maneno ya kumwambia. Mvua ikayaosha. Nimesimama mlangoni pake mpaka mkewe akadhani nauza mayai.

Mzee amefurahi mno kupata mgeni wa kanda zake. Amezipanga kama Biblia, zimefunikwa nailoni. Amenipa soda, ameweka kanda. Mwanamume akamkaribia mwanamke. Farasi. Kisha picha ikaruka kidogo sana, na Mzee akainua kidole gumba juu.

"Umeona kitu hapo?"

Nikasema sijaona.

"Ndiyo maana yake! Hapo palikuwa na tangazo!"

Amenieleza. Miaka yote ile alikaa na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Hata kitindamimba wake alizaliwa chumba cha pili naye hakuondoa kidole. Hakuna tangazo lililompita. Kituo kilikata mabusu, yeye akakata takataka. Nimemuuliza, kwa sauti niliyokuwa nayo, hata la mkate? Akasema la mkate hasa! Yule mama, yeye alimkata kila mara kabla hajafungua mdomo.

Kisha akanitazama. Akakumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Amenipa soda ya pili. Farasi walikwenda na kurudi.

Alhamisi, 12 Agosti

Mbinu mpya. Nimekwenda kituoni kwenyewe! Watu kama sisi hawaendi kituoni ila kwa ajili ya marehemu, na dirisha liko moja: VIFO NA KUMBUKUMBU. Mpango wangu ulikuwa hivi. Nitalipia tangazo la kumkumbuka Mama. Wakitaka picha nitasema, ya nini, nanyi mnaye akitembea na kusema huko ndani? Watakwenda kuitafuta kanda. Nitaomba nakala. Nimeurudia mpango huu njia nzima na haukuwa na kasoro hata moja.

Karani, mwanamke mwenye kalamu kwenye nywele, ameniuliza marehemu ni nani. Nimesema. Akaniambia niongeze sauti. Nimesema tena, ikatoka ndogo zaidi. Akasema, "Dada yangu, huku nahudumia wafu kila siku, na wote wana sauti kukushinda wewe." Foleni nzima ikacheka.

Ndipo nikapenyeza picha dirishani: Mama na Bibi, wamekaa kwenye benchi siku ya Pasaka. Nikauliza kuhusu kanda. Akasema zile za zamani zote zimerekodiwa mikutano ya injili juu yake, kwa kuwa kituo hakina pesa za kununua kanda mpya. "Kama mama yako alikuwemo, sasa yuko chini ya mchungaji."

Nikalia. Pale dirishani kulia ni jambo la kawaida, kwa hiyo aliendelea na kazi. Akageuza picha, akauliza hili, akauliza lile. Nikaitikia yote kwa kichwa. Akagonga muhuri. Jumamosi alasiri, akasema.

Saa ileile! Sauti sijaipata, lakini angalau Mama atarudi kwenye saa yake. Nimemwambia Bibi atunze nguvu zake.

Jumamosi, 14 Agosti

Umeme ulikuwepo. Hilo peke yake lingetosha kunitia shaka. Televisheni tuliihamishia chumbani kwa Bibi. Baba alivaa shati jeupe. Ekanem aliita ua mzima, na watu wakavua kandambili nje kama zamani. Mchungaji wa televisheni akamaliza. Kinanda kikaanza, kile cha huzuni.

Ikatokea picha ya Bibi.

Bibi! Mama amekatwa, limebaki bega lake. "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha Mama Arit Effiom." Nyuma ya picha Bibi alikuwa ameandika jina lake yeye. Na mimi niliitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyepumua. Bibi akaitazama televisheni mpaka kinanda kikaisha. Akasema picha ni nzuri. Akauliza anazikwa lini, ajue.

Waombolezaji walianza kufika kabla sijapata mahali pa kujificha. Akina mama wa kanisa na vilemba vyeusi. Wazee na chupa za gongo. Watu wa Creek Town, ng'ambo ya mto, waliokodi mtumbwi. Vijana wakafunga turubai uani bila kuuliza mtu. Mwanamke mmoja akajitupa sakafuni akilia, akainua macho, akamwona marehemu anakunywa maji. Kilio chake kiligeuka wimbo wa kanisani papo hapo. Bibi akamnyooshea mkono. "Hebu nibonyeze. Sikia. Bado napumua."

Chumba kizima kililia kwa kicheko. Ndiyo, niandike na hili: Bibi amekula. Ekpang, yale magimbi ya kusaga yaliyofungwa majani, bakuli zima. Amesikiliza sifa zake zote akisahihisha zilizopungua. Jirani wa ng'ambo amekiri mbele ya watu kwamba ndiye aliyekivunja chungu cha Bibi miaka ile ya zamani, na Bibi amesema alijua.

Baba hakunipiga. Alisema jina langu tu, "Offiong." Ekanem alisema, "Umekwenda kutafuta kanda, umerudi na maiti. Hongera."

Jioni, Bibi amechoka. Amenishika mkono. "Yaseme sasa, mwanangu. Nimeshakufa, unaona haya ya nini?" Lakini chumba kilikuwa kimejaa. Nimesema, kesho Bibi, wakishaondoka.

Na nimepata habari kutoka kwa waombolezaji! Kule Akpabuyo kuna fundi wa redio aliyekuwa akirekodi Jumamosi zote, na kitufe chake cha kusimamisha kilikuwa kimevunjika.

Jumanne, 17 Agosti

Jumapili wageni hawakuondoka. Jana mvua ilifunga barabara. Leo nimefika Akpabuyo.

Fundi anayo. Ilikuwa chini ya kitanda chake. Imeota kuvu nyeupe, kama mkate uliosahauliwa. Ameifuta kwa shati lake, akaiweka kwenye mashine. Chenga tupu kwenye kioo, na sauti kama mvua juu ya bati. Nimesogeza sikio mpaka likagusa kioo. Ndani kabisa, kuna mtu. Labda ni mwanamke. Labda amesema "sikia." Labda ni mvua ya nje. Fundi amesema nichukue tu, yeye haitaki.

Nimerudi nimeikumbatia chini ya blauzi. Nimefika nikaona turubai bado limefungwa uani, nikafikiri, wavivu hawa, hawajalifungua.

Viti vilikuwa vinaletwa.

Ekanem alikuwa amekaa kizingitini. Hakunitania. Alisema Bibi aliuliza kama nimerudi. Yeye akamwambia, mimi nitayasema, Bibi, bila nyonga. Bibi akasema hapana, asante mwanangu, namngoja Offiong.

Jumapili, 29 Agosti

Tumemzika Bibi jana. Tope mpaka magotini.

Karani wa dirishani alikataa kwanza kupokea tangazo, akasema marehemu huyu ameshakufa. Baba ilibidi aende na cheti. Watu waliokuja ni wachache. Watu wa Creek Town walituma salamu kwamba wao walishalia siku ile, na mtumbwi si bure. Turubai lilifunika viti vitupu. Kilio cha kweli ni kidogo kuliko kile cha makosa. Sikujua kama inawezekana.

Mzee Ansa alikuja leo na zawadi. Amesikia sina hata picha moja ya Bibi iliyorudi, kituo kimezibakiza zote, basi amenirekodia tangazo la kifo chake. Tumekaa kulitazama. Mchungaji anahubiri. Picha ikaruka kidogo sana. Mchungaji anahubiri.

Mzee akatazama kidole chake gumba. Alisema kimekwenda chenyewe. Alilia kuliko mtu yeyote wa jana.

Usiku huu Baba amekuja kukaa karibu nami kwenye kitanda cha Bibi. Hajawahi kumtaja Mama mbele yangu. Akasema nina kinywa cha Mama, alishaona zamani, hakujua namna ya kuniambia. Akaomba niyaseme. Mara moja tu. Mlango umefungwa, hakuna mtu.

Nimefungua kinywa. Masikio yakaanza kuwaka.

Nimemwambia avumilie kidogo. Nimesikia huko Ikom kuna mjane ambaye marehemu mumewe alirekodi kila kitu, na kanda zote zimo katika kabati la bati. Kavu kabisa! Basi linaondoka alfajiri. Kwa nini asikie sauti ya kuigiza na yenyewe ipo?

Baba amesema sawa.

Nimeshapiga pasi gauni. Maneno ya kumwambia mjane nimeyaandika kiganjani.