Mniko Dhidi ya Kivuli

Jumatatu, 1 Machi 1993

Mwalimu Mkuu Wanzagi katangaza: somo la Siasa limekufa, sasa ni Uraia. Vyama vingi, haki, demokrasia. Vitabu? Havijaja. Chaki zenyewe tunagawana vipande. Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka Bunda kuangalia nani analiweza somo jipya, na huyo ndiye atakayekuwa msaidizi wa mkuu. Cheo hicho nimekisubiri tangu enzi za foleni za sukari. Selestina wa Sayansi naye anakitaka, ila anajifanya hajali.

Mpango ninao. Darasa la sita wachague kiranja kwa kura. Mgombea ni Mniko, mtoto wa dada yangu. Wa pili wa nini? Watoto watagombana bure. Tutafanya kama tulivyokuwa tunampigia Rais: mtu upande mmoja, kivuli cheusi upande wa pili kwa wasiomtaka. Nimesaga betri kuukuu, nikapaka karatasi weusi, nikaibandika kwenye kiti kitupu.

Jumanne, 2 Machi

Makubwa! Kila mtoto katumbukiza punje ya mahindi kwenye kopo analotaka. Kopo la Mniko: punje moja. La Kivuli limejaa.

Nikasema hawajaelewa somo. Wamerudia, mimi nimesimama pembeni na fimbo. Safari hii kopo la Mniko tupu kabisa. Hata yeye kajikana! Nimembana, akasema kile kiti kilikuwa kinamwangalia. Kwa macho gani, mpumbavu wee?

Nikamwita Tereza, mdogo kuliko wote, anieleze. Akaweka mikono nyuma, kwa adabu.

"Mwalimu, wewe unachapaga. Mniko naye anachapaga. Kivuli hachapagi."

Matokeo nimeyafuta. Nimetangaza hali ya hatari.

Jumatano, 3 Machi

Nimefika, kengele inatetemeka bado na hakuna aliyeigonga. Darasa limefagiliwa. Mstari umenyooka, kimya. Mbele ya mstari wameacha nafasi ya mtu mmoja, na kila anayepita anaizunguka.

Kuni za walimu nazo zimegawanywa sawasawa, hata kwa Selestina! Mzigo mkubwa nilikuwaga napata mimi. Nikauliza nani kapanga hivyo. Wote wakageuka kukiangalia kiti. Nywele zilinisimama, sifichi.

Nikaona nikikalie, wajue mkubwa nani. Baridi hiyo! Watoto wakainamisha macho kwa aibu, utadhani nimemkalia mtu mapajani. Nimefundisha kipindi chote nimesimama.

Alhamisi, 4 Machi

Jana jioni nilichoma karatasi, kiti nikakifungia stoo. Leo kiti kiko darasani, mahali palepale. Weusi umeingia kwenye mbao. Nimesugua kwa mchanga mpaka vidole vinauma, hautoki.

Nimemkabili Selestina, nikamwambia hujuma zake nazijua. Akaniuliza ufunguo wa stoo anao nani. Ninao mimi. Upo mfukoni, nimeushika hivi.

Ijumaa, 5 Machi

Mkaguzi, Bwana Machage, kaja na basi la asubuhi. Nilimwagiza Mniko akampokee barabarani. Mniko kaamka na homa, hakutoka hata kitandani. Nikajua nimekwisha.

Lakini somo limekwenda vizuri mno! Haki, wajibu, kura ya siri, watoto wanajibu kama watu wazima. Mwishoni mkaguzi akauliza jina la yule kijana mrefu, mpole, aliyempokea barabarani na kumbebea mkoba. Akasema ana adabu sana, ila mkono wake wa baridi, apelekwe zahanati.

Darasa zima likasimama. "Ni kiranja wetu," wakasema.

Nikashika ubao. Kisha nikasema ndiyo, nimemlea mwenyewe.

Mkaguzi kafurahi. Kaagiza msaidizi wa mkuu naye apigiwe kura na walimu Jumatatu, shule iwe mfano. Selestina kakiangalia kiti, akajitoa hapohapo. Nimebaki mgombea peke yangu! Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumamosi, 6 Machi

Mwalimu Mkuu anasema hata mgombea akiwa mmoja, lazima asiyemtaka apate pa kusemea. Watatumia kiti kilekile. Sawa tu. Walimu ni watu wazima na vyeti vyao, nani ataniacha mimi achague mbao?

Hata hivyo, mwanasiasa hapuuzi kitu. Nimekwenda darasani, nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya kiti tukazungumza kiume. Nimemwambia una ukiranja wako, bwana, niachie usaidizi wangu. Jumatatu unipigie debe kwa walimu, nami nitakuongezea muhula mwingine bila uchaguzi. Hao watoto tusiwasumbue na kura.

Amenyamaza. Anyamazaye amekubali. Kesho baada ya misa nawatangazia watu ushindi.