Kompyuta ya Dirishani Ni Mbovu

Jumatatu, 12 Machi 2001
Ripoti za mwisho wa kozi zinatakiwa wiki ijayo. Chuo kizima tunagombania kompyuta sita! Zamu ni saa moja moja. Pudensiana wa darasani kwetu, saa yake ikiisha tu, anainuka na kumpisha mwenzake. Bila kusukumwa! Anatuharibia wengine. Nikakata shauri. Ile ya dirishani, nzuri kuliko zote, nimeibandika karatasi: MBOVU, USIGUSE. Walipokwenda kula, nikakaa. Raha iliyoje! Mlima Meru mbele yangu, na hakuna anayenipumulia kisogoni.

Jumanne, 13 Machi
Nalepo, msichana mpole wa Oldonyo Sambu, amenifuma nikichapa. Akauliza mbona nakalia mashine mbovu. Nikamwambia naitengeneza. Tangu hapo ni Fundi Lerionka huku, Fundi Lerionka kule! Akasema ripoti yake yote imo humo, je, itapona? Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimevimba kichwa siku nzima.

Jumatano, 14 Machi
Maafa! Mwalimu Saruni, msimamizi wa chumba, kaona karatasi. Kasikitika kwamba hakuambiwa mapema. Kaibeba mashine mwenyewe hadi kwa fundi, mtaa wa Ngarenaro. Na ripoti yangu ndani! Disketi ninayo, lakini imejaa picha za magari.

Alhamisi, 15 Machi
Nimekwenda Ngarenaro mbio, mvua yote mwilini. Fundi kasema hakuona ubovu wowote, akahisi ni virusi, akafuta kila kitu. Kila kitu! Akabaki anatabasamu, anangoja pongezi. Nikampongeza.
Niliporudi chuoni kumpa habari, Nalepo hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, akasema polepole, “Mama aliuza mtamba ili nisome.”
Bora angenitukana.
“Haikuwa mbovu,” nikamwambia. “Karatasi niliibandika mimi.”
Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kuwa na uso. “Basi kesho utanisomea, mimi nichape.”

Jumamosi, 17 Machi
Sauti imekauka. Nalepo aliandika kwanza kwa mkono, namshukuru Mungu, nasoma, anachapa. Mwandiko wake kama kuku kakanyaga wino, ila sikuthubutu kusema. Pudensiana katuachia zamu zake zote, jana na leo. Hata mimi kanipa nafasi nianze upya! Nikamuuliza kwa nini, wakati nilimsema sana. Kajibu kwamba kompyuta ni ya chuo, si ya baba yake. Nimegundua jioni kuwa yeye mwenyewe hajamaliza.

Jumapili, 18 Machi
Nimetoka kanisani mtu mpya. Ubinafsi basi! Kuanzia leo, wenzangu kwanza. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya ripoti, chumba kitafurika, na Pudensiana hana zamu. Lazima nimlipe wema wake, na njia nimeipata. Swichi kuu ya umeme iko nyuma ya mlango. Watakapokuwa wamejaa, wote wanachapa, naizima. Watadhani ni mgao, watakwenda kunywa chai. Nawasha tena, Pudensiana anachagua kiti anachotaka. Hakuna atakayepoteza kitu!