Taa za Mlimani na Nguzo Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya nane kuomba nguzo ya umeme. Majibu: subiri. Nimesubiri mpaka magoti yamezeeka kunipita. Umeme unaishia kwa Bi Friji, mama mkwe wa mwanangu. Nikienda kuchaji simu ananikalisha kwenye benchi la mlangoni kama mgonjwa, ananiuliza kama nimewahi kunywa maji ya baridi. Kiburi gani hicho! Lakini akili ni nywele. Taa nne za sola alizoniletea binti yangu nimezifunga kwenye shingo za mbuzi, nikawaachia mlimani jua lilipozama. Wakubwa hawaji kwa kuitwa na bibi. Kwa maajabu watakuja. Wakifika, nawaonyesha giza langu.

Alhamisi, 7 Machi
Kijiji kizima hakina habari nyingine. Mwenyekiti kapiga simu ofisi kuu. Nilipoulizwa nikasema taa nne, zinatembea. Bi Friji akasema yeye kaona tisa, na moja ilimsalimia kwa jina. Mwongo wa kukausha mto! Mbuzi wangu hawamjui hata kwa sura.

Jumanne, 12 Machi
Wapelelezi wamekuja! Wawili, gari, kamba ya kupimia, fomu nene kama godoro. Nilifagia uwanja mara mbili, nikavaa gauni la harusi ya mwanangu. Wakanipita kama upepo. Wamefikia kwa Bi Friji, eti chombo chao cha kupimia mwanga kinataka soketi. Nikawafuata. Benchi lile lile. Yule mrefu akaniuliza kama macho yangu ni mazima. Nikamjibu namwona vizuri, mrefu kama nguzo, ila faida ya nguzo hana. Hakuandika.

Jumatano, 13 Machi
Mrefu kaokota mavi ya mbuzi mlimani, kayatia kwenye mfuko, kayaandika namba. Miaka arobaini nafuga, leo mavi yamepanda gari la serikali. Mimi bado.

Ijumaa, 22 Machi
Ripoti imesomwa mbele ya ofisi ya mwenyekiti. Kurasa kumi na moja. Nimesinzia mara mbili. Chanzo cha taa: hakijulikani. Halafu ndio nikazinduka. Kumbe nguzo yangu ilishapitishwa, ilikuwa ije mwezi huu huu! Sasa imesimamishwa. Hakuna fundi atakayekanyaga huku mpaka taa zitoweke wiki tatu mfululizo. Nikajifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti akaniuliza vipi bibi, nikasema jua kali. Haya. Wiki tatu ni nini? Taa nimezitia sandukuni, nikalikalia.

Jumatano, 10 Aprili
Zimebaki siku mbili. Kunyamaza kunachosha kuliko kulima. Asubuhi nimekwenda kuchaji simu. Namkuta Bi Friji na wageni tele, anawasimulia kwamba taa zimekimbia kwa sababu alitoka barazani akazikemea, zikamwogopa. Mwenyekiti akasema mama kama huyu anastahili kiti cha mbele mikutanoni. Makofi! Na mimi niko benchi, simu ina chaji kidogo, mdomo nimeubana mpaka meno yanauma.

Zimwogope yeye? Taa zangu?

Nimerudi, nimefungua sanduku. Nguzo ni mti tu, na mti hauna haraka. Taa ziko juani hapa, zinashiba. Jioni wanatoka mbuzi wote wanne. Beberu namwelekeza kwa Bi Friji, akamsalimie kwa jina.