Laini ya Pili ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe, mwenye ofisi hii ya tiketi za ndege, ametangaza kwamba Ijumaa atateua meneja. Ni mimi au mwanawe, shemeji yangu, fundi kompyuta asiyejua hata kufunga tai. Atakayehakikisha intaneti haikatiki kamwe ndiye atakayekalia kiti. Nimeshakikalia. Kinazunguka vizuri.

Shemeji kaleta mchoro: laini ya pili, kampuni nyingine, ipite kwenye mnara wa simu badala ya kwenye waya. Mishale chungu nzima! Mtu akikosa akili huchora.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kazi! Kinyozi wa mlango wa pili ana intaneti ya kasi. Wateja wake hutazama mpira kutwa. Nimemwomba nywila yake. Alicheka mpaka mashine ikamponyoka, lakini akanipa. Watu wengine hucheka ovyo.

Nimejaribu. Laini yetu, safi. Ya kinyozi, safi. Shemeji akasema nichomoe kwanza waya wetu ndipo nijaribu ya pili. Nichomoe kitu kinachofanya kazi? Wivu hauna dawa. Mama mkwe kaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu harusi!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Saa nne asubuhi mafundi wa maji wamechimba barabara, wakakata waya wetu. Kwaya ya watu arobaini inataka tiketi kabla ya saa sita. Nikakohoa kidogo, nikawaambia wote watulie, laini ya pili ipo. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

Mara kinyozi huyo mlangoni, kitana mkononi, anauliza intaneti yetu itarudi lini, maana wateja wake wanalalamika.

Intaneti YETU! Nikakumbuka: Januari nilimpa nywila ya ofisi ili anichonge ndevu bure. Kumbe anaivuta kwa kisanduku chake na kuipa jina na nywila yake. Anachota kisimani kwetu, nami nikaenda kumwomba maji!

Mama mkwe akanipa mgongo, akamgeukia shemeji. Afadhali angetukana. Shemeji akawasha intaneti ya simu yake, tiketi zikatoka zote. Mpenda sifa.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa shemeji. Mimi nimehamishiwa meza ya mlangoni, kwenye vumbi. Imeniuma, sikatai. Mke wangu anasema nimwombe mama yake radhi. Radhi ya nini? Mwenye kosa ni kinyozi.

Hata hivyo nimempata fundi cherehani wa ghorofani. Mtandao wake una nguvu ajabu, na nywila kanipa bila kucheka. Anautoa wapi, sikumuuliza. Mimi ni meneja mtarajiwa, si mpelelezi.