Ombi la saa mbili bila wagonjwa, ili mukwe wangu ale firigisi

Nyumba ya daktari, barabara ya Kambove
12 Mei 2025

Kwa Bwana Daktari Mkuu wa Zone yetu ya Afya
(ipelekwe nyumbani kwake Makomeno, Lubumbashi, maana ofisini barua hulala)

Bwana Daktari Mkuu,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni Simone Mwenze, mjane wa mfanyakazi wa reli, mkaazi wa Katuba, huko Lubumbashi, mwenye miaka minne ya sekondari. Tangu tarehe 20 Februari niko hapa kumsaidia binti yangu Syntiche, aliyejifungua. Bwana yake ni Daktari Michée, daktari pekee wa hospitali hii. Kila siku ninaandika daftari langu, kwa hiyo tarehe utakazosoma ni za kweli.

Sisi wa kaskazini ya Katanga tuna heshima ya ukwe. Mama mukwe na mukwe hawaonani uso wala hawasemezani mpaka mama apike kuku mzima, na mukwe ameze firigisi mbele ya mzee wa ukoo. Ni jambo la dakika kumi. Lakini mukwe wangu yuko kwenye zamu ya garde usiku na mchana, na ndiyo sababu ya malalamiko yangu.

1. Mwanaume wa kawaida hutoka asubuhi na kurudi jioni, na mama mukwe anajua saa ya kujificha. Mtu wa garde hutoka mara nne na kurudi mara tano. Syntiche anapiga kelele dirishani: «Mama, iko anarudia! Ingia!» Nami ninaingia popote. Tarehe 3 Machi, nyuma ya mlango wa jikoni. Tarehe 9, ndani ya banda la kuku. Tarehe 21, ndani ya pipa la maji, ambalo halikuwa tupu.

2. Kuku amepikwa mara tatu. Tarehe 16 Machi mukwe alinawa mikono, simu ikalia: mchimbaji ameanguka shimoni. Tarehe 30 alikuwa ameshika firigisi, simu ikalia. Tarehe 27 Aprili firigisi ilikuwa tayari mdomoni. Simu ikalia. Aliitoa, akaifunga ndani ya leso, akakimbia. Mzee Lucien, shemeji yangu anayetoka Lubumbashi kuja kushuhudia, alikata shauri: «Kutafuna si kumeza. Tuanze upya.»

3. Goti langu limevimba, na daktari ni yeye tu. Alinipima kupitia mlango uliofungwa. «Mwambie mama anyooshe muguu.» «Mama, anasema unyooshe.» «Mwambie nimenyoosha.» «Anasema amenyoosha.» Syntiche alibonyeza goti lingine, lisilovimba. Nimepakwa dawa siku saba kwenye goti zima.

4. Tarehe 1 Juni ninarudi Katuba. Mama yake Michée alikufa zamani. Hana mtu wa kumwuliza kama amekula. Ninafua mashati yake, ninajua kikohozi chake na mwendo wa viatu vyake. Uso wake siujui. Je, nirudi hivyo?

Kwa hiyo ninaomba itangazwe katika makanisa yote kwamba Jumapili tarehe 25 Mei, saa nane hadi saa kumi mchana, ni marufuku kujifungua, kuvunjika na kuanguka shimoni. Wenye mimba za karibu wachague Jumamosi. Nyoka sijui wanatangaziwa na nani, hilo ninakuachia. Ikishindikana, uje wewe mwenyewe ushike garde hizo saa mbili. Na ikishindikana pia, firigisi iandikwe kuwa dawa, muuguzi ampe daktari akiwa kazini na kutia sahihi kwamba imemezwa.

Msalimie mama wa nyumbani, watoto, mlinzi wa lango lako, na yeyote atakayekusomea barua hii ukiwa umechoka.

Mimi niliyejificha kwa heshima,
Simone Mwenze

N.B. 13 Mei. Barua ilikuwa haijaondoka. Jana Mzee Lucien alifika bila kutegemewa, tukapika. Simu ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme. Mukwe alikuwa anainua firigisi, mara mwanamke aitwaye Chomba akafika mlango wa jikoni, akishikwa na dada yake, uchungu umemkaza. Dada akaninong'oneza: «Mama, tutangoja. Acha ameze kwanza.» Habari yetu imeshafika vijijini! Nikamtazama Chomba vizuri: mguu wa mtoto ulikuwa umeshatoka. Niliingia sebuleni bila kitambaa kichwani, nikamnyang'anya mukwe sahani. «Baba, acha hiyo, simama!»

Alisimama. Ni mfupi kuliko sauti yake.

Mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake pia. Kwa hiyo, Bwana Daktari Mkuu, usitangaze kitu, na garde ibaki ilivyo. Mzee Lucien anasema alikuwa amefumba macho, hakuona lolote, kwa hiyo niendelee kujificha. Lakini mukwe aliporudi jioni nilibaki nimeketi uani. Nilimwuliza kama amekula. Alisema hapana.