Mlinzi wa Bwawa Asiyejua Kuogelea

Jamani, leo nimeaibika. Nawaandikia nyinyi wa Gatuanyaga mapema, kabla habari haijawafikia kwa lori la maziwa ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua kazi yangu hapa Ruiru. Nasugua sakafu za nyumba ya Bwana mwenye shamba la kahawa kwa nta, mwaka wa tisa sasa. Nimeipigia sakafu magoti kuliko nilivyompigia Mungu. Lakini mama yake Wanjiku nilimwambia mimi ni mlinzi wa bwawa la shamba hilo. (Alikuwa ameapa hampi binti yake mtu anayetambaa katika nyumba ya mwingine. Ningesema nini?) Juzi nafasi ya mlinzi ikapatikana kweli, ila Bwana anataka anayejua kuogelea. Nikaona hapa ndipo uongo wangu utakapogeuka kweli, nimuoe Wanjiku kwa amani.

Basi leo mchana Ramadhani, dereva wa lori kutoka Thika, akanipeleka bwawani kunifundisha kupiga miguu. Akanipa debe tupu lililozibwa mdomo, nilikumbatie.

"Nyoosha magoti!" akapiga kelele kutoka ukingoni.

"Yanauma!"

"Nyoosha, bwana! Hiyo ni baiskeli unaendesha!"

Hayakunyooka. Nikapiga hivyo hivyo, maji yakaruka, nikajiona bingwa. Nilimkazia macho Ramadhani ili nimfikie. Ajabu! Kila nikipiga, Ramadhani anazidi kuwa mdogo. Nikadhani anarudi nyuma kunijaribu. (Mjinga mimi!) Kumbe yeye amesimama palepale. Mimi ndiye ninayerudi nyuma.

Visigino vikagusa tope. Nikasikia mayowe ya wanawake. Nilikuwa nimefika ng'ambo, wanakochota maji. Nikageuka. Mama yake Wanjiku! Amekuja kumwona mkwe wake akilinda bwawa. Mtu ambaye kwa heshima ya ukwe sijawahi kumtazama usoni hata nikinywa chai yake, leo nimemfikia kinyumenyume, nimevaa chupi, nimekumbatia debe!

"Ngai! Mungu wangu!" Akajifunika uso kwa leso.

Wenzake wakacheka hadi wakaketi chini. Yeye hakucheka, na hilo liliniuma kuliko magoti. Akachungulia kidogo, akaziona sugu za magoti yangu.

"Hayo magoti ni ya bwawa?"

Nilikuwa nimechoka na uongo. "Hapana, maitu, mama yangu. Ni ya sakafu."

"Najua. Kila ukija kwangu unanuka nta. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nilitaka kulia, na nilitaka suruali.

Akajitwika maji yake mgongoni, akaanza kupanda njia. "Njoo Jumapili na watu wako," akasema bila kugeuka. "Lakini uje umevaa."

Watu wangu ndio nyinyi. Kwa hiyo chekeni leo mmalize, kwa sababu Jumapili sitaki kuona hata jino moja.